Kuzuru Minneapolis baridi inapoelekea ukingoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu wiki za kuanzia mwisho wa Februari hadi mwanzo wa Aprili katika jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, pamoja na pacha wake Saint Paul aliye ng'ambo ya mto Mississippi. Yameandikwa kwa mtu aliyekulia mahali ambapo theluji huonekana kwenye televisheni tu, au juu ya Kilimanjaro. Halijoto ni za Selsiasi na saa ni za Kiswahili.

Kwa nini mtu aende wakati ambao wenyeji wenyewe wanakimbilia Florida?

Kwa sababu ya bei na nafasi. Hoteli nyingi za katikati ya jiji hushusha bei ukilinganisha na kiangazi, makumbusho hayana foleni, na mezani hupati shida ya kukaa. Jiji lenyewe halilali: limejengwa likijua kwamba baridi ipo, kwa hiyo kumbi za muziki, tamthilia, mpira wa kikapu na hoki ya barafuni ziko kazini.

Lakini usidhani kila wiki ni rahisi. Mwanzoni mwa Machi, Saint Paul huandaa mashindano ya hoki ya wavulana wa shule za sekondari za jimbo zima, na hoteli za huko hujaa familia kutoka kila kona ya Minnesota. Tarehe 17 Machi ni sikukuu ya Mtakatifu Patriki, yenye maandamano na ulevi wa kutosha. Mwisho wa Machi shule hufungwa kwa mapumziko mafupi, na tiketi za ndege za kutoka Minneapolis kwenda kusini hupanda. Ukipata hoteli ghali bila sababu inayoeleweka, angalia kalenda ya mikutano ya jiji, kisha sogeza safari kwa siku tatu nne.

Machi si baridi imekwisha?

Kwenye kalenda, karibu. Angani, bado. Wastani wa Februari ni nyuzi -2 mchana na -11 usiku. Machi ni nyuzi 5 mchana na -4 usiku. Wastani huo unaficha mengi: wiki moja unaweza kukuta watu wamevaa kaptula kwenye nyuzi 14, na wiki inayofuata theluji ya kufika magotini. Aprili 2018 jiji lilipata zaidi ya sentimita 35 za theluji katika dhoruba moja, katikati ya mwezi.

Upepo nao uhesabu. Nyuzi -10 zikiwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili unahisi kama -20. Utabiri wa Marekani hutaja namba zote mbili kwa Farenhaiti. Kumbuka nguzo hizi: 32 ni pale maji yanapoganda, 14 ni -10 yetu, na 0 ni -18.

Hata hivyo, anayemwangusha mgeni katika wiki hizi mara nyingi si baridi. Ni maji. Theluji inayeyuka mchana, maji yanatambaa njiani, na jua likizama yanaganda tena. Karibu kila ushauri ulio hapa chini, kuanzia viatu hadi gari, unatokana na mzunguko huo.

Nivae nini, na kwa mpangilio gani?

Matabaka matatu, na kila moja lina kazi yake.

La kwanza linagusa ngozi: fulana ya mikono mirefu na suruali ya ndani ya kubana, za sufu laini au za nailoni na poliesta. Pamba usivae hapo. Inanyonya jasho, inabaki na unyevu, na ukisimama kusubiri basi unaanza kutetemeka ingawa umevaa vingi. La pili ni la kushika joto: sweta ya sufu au ya manyoya ya plastiki (fleece). La tatu ni koti linalozuia upepo na maji, lenye kofia na linalofunika makalio.

Koti nene la manyoya ya bata ni zuri kwa Januari kavu. Mwisho wa baridi, mvua inapochanganyika na theluji, manyoya hayo yakilowa hujikunja na kupoteza joto lote. Kama unanunua koti moja tu kwa safari ya Machi, chagua lisilopitisha maji, hata likiwa jembamba kidogo, kisha ongeza sweta ndani.

Viatu ndivyo vya kutumia pesa. Buti ziwe na sehemu ya chini ya mpira isiyopitisha maji, zipite kifundo cha mguu, na ziwe kubwa kwa nusu namba ili soksi nene isibane. Buti ikibana, damu haifiki vidoleni na miguu inaganda hata kama buti ni ya bei mbaya. Vaa soksi moja nzuri ya sufu, mbili hubana. Raba za kawaida zitalowa kwenye kivuko cha kwanza cha barabara.

Mikononi, glavu zenye pango moja la vidole vinne hushika joto kuliko zenye vidole vitano. Kofia ifunike masikio. Mwenye hijabu ya pamba aweke chini yake kofia nyembamba ya sufu, kwani pamba peke yake hupitisha upepo.

Ninunue nguo nyumbani au huko?

Gawanya. Makoti mazito hupatikana kwa bei ya kutupa kwenye mitumba ya Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, maana wanunuzi wa huku ni wachache. Kabla ya kulipa fanya mambo matatu: vuta zipu juu na chini mara kadhaa, bonyeza koti uone kama linajijaza tena, na kwaruza upande wa ndani kwa ukucha. Ukiona vipande vinabanduka kama ngozi iliyoungua, kinga ya maji imekufa na koti hilo litavuja.

Buti nunua huko. Kuanzia mwisho wa Februari maduka hushusha bei za nguo za baridi ili kupisha za kiangazi, na Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo na viatu. Kasoro ni kwamba saizi za kawaida huwa zimekwisha. Maduka ya mitumba kama Goodwill na Savers yanafaa sana kwa koti la watoto. Panga tu jinsi ya kutoka uwanja wa ndege hadi dukani ukiwa na miguu mikavu.

Nitatembeaje bila kuanguka?

Tembea kibata: hatua fupi, mwili umeinama mbele kidogo, nyayo zitue zima badala ya kisigino kwanza, mikono nje ya mifuko. Mikono ikiwa mfukoni, ukiteleza hutaweza kujizuia na utatua kwa kiuno au kisogo.

Barafu ya hatari ni ile isiyoonekana, utando mwembamba unaofanana na lami iliyolowa. Itafute asubuhi kabla ya saa nne na jioni baada ya jua kuzama, hasa chini ya mabomba ya paa, kwenye kivuli cha majengo, na pale rundo la theluji lilipokuwa likichuruzika. Chumvi inayomwagwa njiani husaidia, ila ikishuka chini ya takriban -9 nguvu yake hupungua sana. Kuona chembe za chumvi si ushahidi kwamba njia haitelezi.

Theluji ikikoma, sheria ya jiji inawapa wenye maduka na majengo ya kupangisha muda wa saa nne za mchana kusafisha njia ya waenda kwa miguu, na wenye nyumba za familia moja au mbili saa 24. Maana yake, baada ya dhoruba pita mitaa ya biashara kwanza.

Vifaa vya mpira vyenye meno ya chuma, vinavyovishwa juu ya kiatu, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na ya michezo. Vinastahili kila senti. Vivue unapoingia ndani, kwani juu ya vigae vinateleza kuliko kiatu kitupu.

Kwenye kona za barabara theluji iliyosukumwa huziba mifereji, na maji ya kijivu hujikusanya. Dimbwi hilo linaweza kuwa na kina cha kifundo cha mguu na barafu chini yake. Zunguka. Pia usisimame chini ya paa lenye vijiti vya barafu vinavyoning'inia siku ya jua. Huanguka bila onyo.

Nitatokaje uwanja wa ndege hadi mjini?

Kwa treni ya mjini ya Blue Line. Inapita kwenye majengo yote mawili ya abiria ya uwanja wa ndege wa Minneapolis na Saint Paul (MSP), upande mmoja inakwenda Mall of America na mwingine katikati ya Minneapolis, mwendo wa kama nusu saa. Nauli ya mtu mzima ni dola 2 tangu Januari 2025, na tiketi hiyo hukuruhusu kubadilisha treni na mabasi kwa saa mbili na nusu. Nunua kwenye mashine kabla ya kupanda. Hakuna geti, ila wakaguzi hupita na faini ipo. Kusafiri kati ya jengo la kwanza na la pili la uwanja ni bure.

Kwenda Saint Paul, badilisha treni mjini, panda Green Line. Vituo vingi vya nje vina taa za joto zenye kitufe, kibonyeze, hazijiwashi.

Ni kweli naweza kuzunguka mji mzima bila kutoka nje?

Mji mzima hapana, kitovu chake ndiyo. Majengo ya katikati yameunganishwa kwa madaraja ya vioo ya ghorofa ya pili, na vibao vyake vimeandikwa Skyway. La kwanza lilijengwa 1962. Leo mtandao una urefu wa takriban kilomita 15 na unagusa vitalu karibu 80. Ukichagua hoteli iliyounganishwa nao, unaweza kwenda kula, benki na hata baadhi ya kumbi za michezo ukiwa na sweta tu.

Wageni hupotea humo kwa sababu mbili. Ya kwanza, njia haifuati barabara. Inapinda ndani ya maofisi na maduka, na dira ya simu inachanganyikiwa. Tembea kwa majina ya majengo yaliyo kwenye vibao, na uchungulie barabara ya chini kupitia vioo kila ukivuka. Ya pili, kila jengo lina mwenyewe na saa zake za kufunga. Jioni na Jumapili unaweza kufika mlango umefungwa, ukalazimika kurudi ulikotoka au kushuka barabarani bila koti. Usiache koti hotelini baada ya saa kumi na mbili jioni.

Vibanda vya chakula vya humo vinategemea wafanyakazi wa maofisini. Vingi hufunguliwa siku za kazi tu, na kishindo chake ni kati ya saa tano asubuhi na saa saba na nusu mchana. Jumamosi utakuta korido tupu.

Nikodi gari?

Kama unakaa mjini, hapana. Kama una ndugu wa kuwatembelea Brooklyn Park au Brooklyn Center, vitongoji vya kaskazini-magharibi wanakoishi Waafrika wengi, gari litakuokolea muda. Jitafakari kwanza: unatoka nchi ya kuendesha kushoto, unakwenda kuendesha kulia, na juu yake kuna barafu. Siku ya kwanza isiwe siku ya theluji.

Ukichukua gari, hakikisha lina kikwangulio cha barafu na brashi. Maji ya kusafishia kioo yawe yale yanayostahimili -29. Ya kiangazi huganda kwenye bomba na kukuacha kipofu barabarani, kwa maana Machi magari ya mbele hurusha tope la chumvi bila kukoma. Tangi lisishuke chini ya nusu. Safisha theluji yote, pamoja na ya paani, kwani ukifunga breki itateremka kufunika kioo cha mbele. Taa ziwashwe kila theluji au mvua inaponyesha. Ni sheria ya Minnesota.

Madaraja huganda kabla ya barabara kwa kuwa upepo wa baridi unapita juu na chini yake. Gari likiteleza, ondoa mguu kwenye mafuta, elekeza usukani unakotaka kwenda, na kama breki zinatetemeka chini ya mguu endelea kukanyaga: huo ndio mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga ukifanya kazi. Ukikuta gari kubwa la kusukuma theluji, kaa nyuma yake kwa mbali. Barabara iliyo nyuma yake ndiyo salama kuliko zote.

Mashimo ya Machi ni makubwa kuliko wengi wanavyotarajia Marekani. Maji huingia kwenye nyufa za lami, yanaganda, yanapanuka na kuipasua. Dimbwi usilolijua usilipite kwa kasi.

Niegeshe wapi gari lisivutwe?

Hapa ndipo wageni wengi hupoteza mamia ya dola. Theluji ikiwa nyingi, jiji hutangaza dharura ya theluji yenye siku tatu, na kila siku ina utaratibu wake:

Siku ya kwanza, saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi: usiegeshe upande wowote wa barabara zilizowekwa alama ya njia za dharura.

Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku: usiegeshe upande wa nyumba zenye namba shufwa kwenye mitaa ya kawaida, wala upande wowote wa barabara za kandokando ya maziwa na mabustani.

Siku ya tatu, saa hizohizo: usiegeshe upande wa namba witiri kwenye mitaa ya kawaida.

Mtaa ukishasafishwa kabisa hadi ukingoni, unaweza kuegesha. Gari likivutwa utalipa faini, gharama za kuvutwa, na za kila siku linapolala kwenye yadi ya jiji. Baridi ikiwa ya theluji nyingi, jiji pia linaweza kupiga marufuku upande wa namba shufwa moja kwa moja hadi Aprili 1, ili magari ya zimamoto yapite. Saint Paul ina taratibu zake tofauti, usihamishe za Minneapolis. Njia rahisi ni kulipia maegesho ya ndani kwa usiku huo.

Naweza kutembea juu ya ziwa lililoganda?

Januari maelfu hufanya hivyo kwenye Bde Maka Ska na Lake Harriet. Machi, usiende. Mamlaka ya maliasili ya jimbo inataka angalau sentimita 10 za barafu mpya, safi, kwa mtu wa miguu. Barafu nyeupe ina nusu ya nguvu hiyo. Ya Machi imeliwa na jua kutoka juu na maji kutoka chini, ikabaki nyuzinyuzi zilizosimama wima ambazo hupasuka hata zikiwa nene. Wavuvi wenyewe hulazimishwa kisheria kuondoa vibanda vyao kwenye maziwa ya kusini mwa jimbo ifikapo Jumatatu ya kwanza ya Machi. Ukiona nyayo za mtu barafuni, zinakuambia alipita; hazisemi lini.

Vivyo hivyo Minnehaha Falls, maporomoko ya mita 16 yaliyo karibu na kituo cha Blue Line cha 50th Street. Yakiganda hupendeza mno, na watu hupenya nyuma ya pazia la barafu ingawa ngazi zimefungwa na ni marufuku. Yatazame kutoka juu. Barafu inayodondoka Machi ina uzito wa kuua.

Nini cha kuona, hasa bila gharama kubwa?

Minneapolis Institute of Art haina kiingilio na ina sehemu nzuri ya sanaa ya Afrika, Jumatatu hufungwa. Como Park Zoo and Conservatory, Saint Paul, nayo haidai kiingilio ila mchango wa hiari, na nyumba yake ya vioo ya mwaka 1915 ina minazi, ndizi na fukuto la Tanga. Siku ya tatu ya mawingu, humo ndimo utakapopona. Guthrie Theater ina sebule ya juu inayochomoza kuelekea mto na kuonyesha maporomoko ya St. Anthony, huhitaji tiketi ya mchezo. Karibu yake kuna Mill City Museum, ndani ya magofu ya kinu cha unga kilichojengwa mahali pa kile kilicholipuka 1878 na kuua watu 18: vumbi la unga hewani likikutana na cheche ni baruti. Bustani ya sanamu yenye kijiko kikubwa na cheri iko wazi mwaka mzima, dakika 20 zinatosha.

Machi pia ni msimu wa kugema miti ya mepo (maple). Utomvu hutiririka tu usiku ukiwa chini ya sifuri na mchana juu yake, na lita 40 huchemshwa hadi ibaki moja ya sharubati. Mabustani ya pembezoni huonyesha kazi hiyo; wanaojua kugema mnazi wataelewa haraka.

Boti, migahawa ya bustanini na maonyesho makubwa ya jimbo ni mambo ya kiangazi. Usiyapange.

Chakula halali na Ramadhani?

Hilo lisikupe taabu. Minneapolis ina jamii kubwa ya Wasomali, na wengi waliishi Nairobi au Dadaab, hivyo Kiswahili utakisikia, na sambusa na chai ya maziwa utavipata Karmel Mall na mtaa wa Cedar-Riverside. Tangu 2023 jiji linaruhusu adhana zote tano kwa vipaza sauti. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na Februari 8. Mfungo wa siku hudumu kama saa 12 na nusu, na migahawa mingi ya Kisomali hufunguliwa jioni tu.

Ndege ikiahirishwa kwa dhoruba?

Shirika lisipoondoa ndege kwa sababu ya hali ya hewa, kwa kawaida halilazimiki kukulipia hoteli. Ukikataa ndege mbadala baada ya safari kufutwa, una haki ya kurudishiwa pesa. Dhoruba ikitabiriwa, mashirika mengi huruhusu kubadilisha tarehe bila malipo siku moja mbili kabla. Tumia nafasi hiyo mapema. Usipange arusi au mahojiano siku ileile ya kutua. Mizigo huchukuliwa na kukaguliwa uwanja wa kwanza unaoingilia Marekani, hivyo acha angalau saa tatu kabla ya ndege inayofuata. Nyama kavu na matunda vitachukuliwa. Majani ya chai na kahawa iliyokaangwa vinapita, ila vitaje kwa maofisa wa forodha.

Kuna mambo madogo ambayo watu husahau?

Mafuta ya kujipaka. Hewa ya ndani hupashwa hadi nyuzi 20 na kitu na kukauka kupindukia. Midomo hupasuka, pua hutoka damu, vitasa hupiga shoti ndogo. Paka mafuta mazito puani usiku na unywe maji.

Simu huzimika kwenye baridi hata ikiwa na chaji nusu. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Bei ya dukani haina kodi. Ongeza kama asilimia 9 isipokuwa kwa nguo na vyakula vya kupika. Mezani, bakshishi ni asilimia 15 hadi 20.

Jumapili ya pili ya Machi saa husogezwa mbele. Kabla yake Minneapolis iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tisa, baada yake nane. Simu husogea zenyewe; saa ya kando ya kitanda hotelini, si lazima.

Mgeni mtu mzima anatakiwa kisheria kutembea na ushahidi wa kuingia nchini. Pakua fomu ya I-94 kwenye tovuti ya forodha ya Marekani ukishafika, ichapishe, na uiweke pamoja na nakala ya pasipoti.